Tai, nusu-tai au robo-tai: namna ya kuipima na kuichagua sarafu ya dhahabu ya miaka ya mwanzo ya Marekani

Sheria ya Sarafu ya tarehe 2 Aprili 1792 iliagiza kiwanda kipya cha sarafu cha Marekani, kilichojengwa Philadelphia, kipige sarafu za dhahabu za ukubwa wa aina tatu. Kubwa kuliko zote iliitwa Eagle, yaani tai, na thamani yake ilikuwa dola 10. Zikafuata nusu yake ya dola 5 na robo yake ya dola 2.50. Katika makala haya nitaziita tai, nusu-tai na robo-tai. Mkusanyaji mwenye fedha za kununua moja tu kati yake hukwama hapa: je, achukue ile kubwa inayojaza kiganja, ile ya kati inayopatikana kwa urahisi zaidi, au ile ndogo iliyopigwa kwa idadi ndogo kabisa? Swali hilo halina jibu moja kwa watu wote. Linaweza hata hivyo kupimwa kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaouweka hapa, kwa sababu nimewaona watu wakitoa akiba ya miaka mingi kwa ajili ya mwaka adimu ulioandikwa kwenye sarafu iliyokwisha kusuguliwa na kuharibiwa.

Kwanza tukubaliane juu ya mipaka. Kwa “miaka ya mwanzo” wakusanyaji humaanisha 1795 hadi katikati ya 1834. Sheria ya 1792 ilihesabu kwamba uzito mmoja wa dhahabu ni sawa na uzito 15 wa fedha. Ulaya dhahabu ilithaminiwa zaidi. Ufaransa, kwa mfano, iliweka kiwango cha 15.5 mwaka 1803. Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye sarafu za dhahabu za Marekani alipata faida kwa kuzipakia melini, kuziuza ng’ambo kwa uzito na kuziacha ziyeyushwe. Tarehe 28 Juni 1834 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza uzito wa sarafu mpya, na nusu-tai ya zamani ikawa na dhahabu yenye thamani ya takriban dola 5.33 za mfumo mpya. Hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuitumia kama dola 5, hivyo nyingi ya zilizosalia zikapelekwa kwenye tanuri. Uchache wa sarafu hizi leo unatokana na tanuri hizo zaidi kuliko udogo wa idadi iliyopigwa, na asiyelijua hilo atadanganywa na takwimu.

Vigezo vya kupimia

Vigezo ni vitano, na ninavipanga kwa mfuatano ambao ningependa kila mnunuzi aufuate, kwa kuwa kinachotangulia kikishindwa, vinavyofuata havina kazi.

Cha kwanza ni uhalisi. Sarafu hizi zote ni za dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 11 za dhahabu kwa sehemu moja ya mchanganyiko wa shaba na fedha. Tai ina gramu 17.50 na kipenyo cha milimita 33 hivi. Nusu-tai ina gramu 8.75 na milimita 25 hivi. Robo-tai ina gramu 4.37 na milimita 20 hivi, na zile za robo-tai na nusu-tai za miaka ya mwisho zina kipenyo kidogo zaidi ingawa uzito haukubadilika. Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inatosha kwa hatua hii. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, lakini iliyozidi uzito wa sheria kwa kiasi cha kuonekana inatia shaka zaidi kuliko iliyopungua. Kipimo cha pili ni kuipima hewani na kisha ikiwa imening’inizwa majini: ukigawanya uzito wa hewani kwa uzito uliopungua majini, dhahabu ya karati 22 hutoa uwiano ulio kati ya 17 na 18. Masonara wengi sasa wana kifaa cha miale kinachosoma mchanganyiko wa madini bila kukwaruza, nacho kinasaidia, ingawa hakiwezi kutofautisha sarafu ya 1799 na bandia iliyopigwa jana kwa dhahabu ile ile. Ndiyo maana jicho lazima lilinganishe herufi, nyota na tarakimu na picha za sarafu zinazojulikana. Kila muhuri wa kupigia wakati ule ulikamilishwa kwa mkono, nyota na tarakimu zikigongwa moja moja, kwa hiyo kila muhuri una alama zake ambazo mghushi huzikosa.

Cha pili ni uso wa sarafu, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wakae muda mrefu kuliko pengine pote. Dhahabu hii ina shaba ndani yake; sarafu iliyoachwa bila kuguswa kwa miaka 200 hupata rangi ya joto, wakati mwingine yenye wekundu kama wa machungwa kuzunguka nyota na herufi, na mng’ao wake huzunguka unapoigeuza polepole chini ya taa moja. Sarafu iliyosafishwa hung’aa pia, lakini mng’ao wake umetulia mahali pamoja kama wa sufuria iliyopigwa msasa, na ukitazama kwa lenzi utaona mikwaruzo myembamba kama nywele ikielekea upande mmoja. Wasomaji waliokulia pwani wanaijua sarafu ya dhahabu iliyotiwa kikonyo ikavaliwa shingoni. Marekani nako watu walifanya vivyo hivyo, na baadaye fundi aliondoa kikonyo, akasawazisha lehemu na kuchonga upya meno ya ukingo. Kwa hiyo tazama ukingo wote, hasa juu ya kichwa cha mwanamke wa Uhuru aliye upande wa mbele na chini ya tarehe. Sehemu ambapo mistari ya ukingo imelala, imekaribiana kupita kawaida, au ina rangi tofauti na pembeni mwake, ndiyo sehemu ya kuuliza maswali. Tundu lililozibwa hujulikana kwa njia hiyo hiyo: eneo lenye uso laini kuliko majirani zake, na nyota au herufi iliyochongwa ambayo haifanani na wenzake.

Kuna alama moja ambayo wageni huidhani uharibifu nayo siyo. Kabla ya kupigwa, kila kisahani cha dhahabu kilipimwa, na kilichozidi uzito kilipunguzwa kwa tupa. Shinikizo la mashine halikuweza kufuta mistari yote ya tupa, hivyo sarafu nyingi za miaka ya 1790 zina mistari sambamba inayopita katikati ya nywele au kifuani mwa tai. Njia ya kuitambua ni kuona kama mstari unapita chini ya picha, ukififia palipoinuka, au unakata juu yake. Unaopita chini ulikuwepo kabla ya sarafu kuzaliwa. Hupunguza uzuri, na kwa hiyo bei, lakini si dosari ya uaminifu.

Cha tatu ni upigaji, yaani kama picha ilijaa vizuri au ilibaki dhaifu katikati. Udhaifu wa kupigwa hufanana na uchakavu. Tofauti yake ni kwamba palipochakaa pamepoteza mng’ao, na palipokosa kujaa bado pana uso wake wa asili.

Cha nne ni uchache, na lazima utenganishwe katika namba mbili: zilizopigwa na zilizosalia. Daftari za Philadelphia zilihesabu sarafu zilizotoka kiwandani katika mwaka fulani, bila kujali mwaka ulioandikwa juu yake, na mihuri ya mwaka uliopita ilitumika hadi ivunjike kwa kuwa chuma kizuri kilikuwa ghali. Kuna nusu-tai zenye mwaka 1795 upande mmoja na tai mkubwa wa ngao upande wa pili, muundo ambao haukuwepo mwaka huo. Zilipigwa baadaye kwa muhuri wa zamani. Vilevile mwaka mmoja unaweza kuwa na mihuri kadhaa, na tofauti ya nyota moja ikazidisha bei mara nyingi. Wauzaji makini huandika namba ya BD, ambayo ni kifupi cha majina ya Bass na Dannreuther waliopanga aina hizo, na mnunuzi anapaswa kuithibitisha mwenyewe kwa kuhesabu nyota na kupima nafasi za tarakimu.

Cha tano ni soko: kuna wanunuzi wangapi wa aina hiyo, na itachukua muda gani kuiuza tena. Kumbuka kwamba nyumba za mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi karibu asilimia 20, juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, na anayeuza naye hukatwa sehemu yake.

Neno kuhusu makasha. Tangu PCGS ilipoanzishwa mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, kampuni mbili za Marekani zinazokagua sarafu na kuzipa daraja, sarafu nyingi za thamani huuzwa zikiwa zimefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye daraja kwenye kipimo cha Sheldon cha 1 (iliyochakaa mno) hadi 70 (isiyo na dosari). Kwa sarafu za aina hii ningemshauri asiyebobea asinunue iliyo nje ya kasha, kwa sababu uhalisi unahitaji jicho la wengi. Kasha hata hivyo halimalizi kazi. Sarafu mbili zenye daraja 55 zinaweza kutofautiana sana kwa uzuri. Moja ikawa na rangi yake ya asili na nyingine ikawa imesafishwa zamani kwa kiasi ambacho wakaguzi walikivumilia. Zilizoharibiwa waziwazi hupewa cheti kisicho na namba, kinachotaja hali na dosari tu, na bei yake hushuka sana.

Tai ya dola 10, 1795–1804

*Asili.* Tai za kwanza, 400 kwa idadi, zilikabidhiwa tarehe 22 Septemba 1795. Muundo ni wa Robert Scot, mchongaji mkuu wa kiwanda: mwanamke wa Uhuru akitazama kulia, amevaa kofia laini, na upande wa pili tai mwembamba amesimama juu ya tawi la mtende akishika shada mdomoni. Mwaka 1797 tai huyo mdogo aliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na tai mkubwa mwenye ngao kifuani, kutoka katika Nembo Kuu ya nchi. Upigaji wake ulisimamishwa mwishoni mwa 1804, kwa sababu sarafu kubwa ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kusafirisha na kuyeyusha, na haukurudi hadi 1838.

*Uhalisi na uso.* Ukubwa wake unamsaidia mkaguzi. Kila herufi inaonekana bila lenzi kali, ukingo una nafasi ya kuchunguzwa, na kasoro ya uzito hujitokeza haraka kwenye gramu 17.50. Ukubwa huo huo ni adui wake. Uso mpana na mzito hugongana na sarafu nyingine ndani ya mfuko, hivyo tai isiyo na michubuko shavuni ni nadra, na uwanja mpana mbele ya uso wa mwanamke huonyesha kila usafishaji. Alama za tupa ni za kawaida kwenye tai za 1795 hadi 1797, na mnunuzi asizikimbie zikiwa pembeni.

*Uchache.* Kwa miaka yote kumi zilipigwa 132,592. Za 1799, ambazo ni 37,449, na za 1801, ambazo ni 44,344, ndizo zinazoonekana mara nyingi mnadani. Kinyume chake ni za 1798 zilizopigwa kwa muhuri wa 1797 uliorekebishwa: 900 za mpangilio mmoja wa nyota na 842 za mwingine. Tai za 1795 zilikuwa 5,583, na baadhi yake zina tawi lenye majani 9 badala ya 13. Hesabu majani kabla ya kuhesabu fedha.

Mwaka 1804 una hadithi inayotugusa. Tai 3,757 zilipigwa mwaka huo, na tarakimu 4 yake ina kijimstari kidogo kinachokata ncha. Miongo mitatu baadaye serikali ya Rais Andrew Jackson ilitaka seti za sarafu za zawadi kwa watawala ambao mjumbe wake Edmund Roberts alikuwa akifanya nao mikataba, na mmoja wao alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, aliyetia saini mkataba na Marekani mwezi Septemba 1833 na kupokea zawadi yake mwaka 1835. Kwa ajili ya seti hizo zilipigwa upya tai zenye mwaka 1804, safari hii kwa tarakimu 4 isiyo na kijimstari hicho. Zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na hazitamfikia mkusanyaji wa kawaida, lakini mtu anayeuza “1804” lazima aulizwe ni 4 ipi, na jibu lilinganishwe na picha.

*Soko na anayefaa.* Tai inatafutwa na wakusanyaji wa dhahabu, wakusanyaji wa aina (wanaotafuta sarafu moja ya kila muundo), na hata wawekezaji wasiojua mengi ya sarafu, kwa hiyo ya 1799 au 1801 yenye uso mzuri haikai sokoni muda mrefu. Ina gramu 16 hivi za dhahabu safi, lakini thamani hiyo ni sehemu ndogo tu ya bei yake. Inamfaa mwenye mfuko mpana anayetaka sarafu moja ya kuonyesha na asiye na nia ya kujenga mfululizo.

Nusu-tai ya dola 5, 1795–1834

*Asili.* Hii ndiyo dhahabu ya kwanza kabisa ya kiwanda cha Philadelphia: vipande 744 vilikabidhiwa tarehe 31 Julai 1795. Ndiyo pekee iliyoendelea kupigwa karibu kila mwaka hadi mwisho wa kipindi chetu, na kwa hiyo ndiyo yenye sura nyingi. Ya Scot, inayotazama kulia, ilidumu hadi 1807. Mwaka huo John Reich, fundi mzaliwa wa Ujerumani, alimgeuza mwanamke atazame kushoto na kwa mara ya kwanza akaandika thamani, “5 D.”, kwenye sarafu ya dhahabu ya Marekani, kabla ya hapo aliyepokea sarafu alitegemea ukubwa na uzito wake tu. Kuanzia 1813 mabega yaliondolewa na kichwa kikabaki, kikizungukwa na nyota.

*Uhalisi na uso.* Bandia za nusu-tai ni za kutazamwa kwa makini zaidi kuliko za tai, kwa sababu aina zake ni nyingi na mghushi hutegemea mnunuzi asiyejua ni muhuri upi ulitumika mwaka upi. Kwa uso, hata hivyo, hapa ndipo mnunuzi ana nafasi kubwa ya kuchagua. Nusu-tai za 1806, 1807, na za Reich za 1810 hadi 1812, pamoja na za 1813, zimesalia kwa idadi inayomwezesha mtu kukataa tatu na kuchukua ya nne. Nafasi hiyo ya kukataa haipo kwenye robo-tai. Ninaithamini kuliko takwimu yoyote ya uchache, kwa kuwa anayelazimika kununua ile iliyopo hununua na dosari zake.

*Upigaji.* Angalia kifua na ngao ya tai pamoja na nyota za pembeni. Nywele za mwanamke zinazokaa mkabala na ngao zilihitaji dhahabu nyingi kujaa pande zote mbili, na mara nyingi upande mmoja ulibaki na njaa. Kwenye sarafu za Reich angalia pia mikunjo ya kofia juu ya sikio.

*Uchache.* Hapa takwimu zinahadaa kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1820 zilipigwa nusu-tai 263,806, idadi kubwa kuliko mwaka mwingine wowote wa kipindi hiki, lakini ni adimu kuliko za 1810 ambazo zilikuwa 100,287, kwa sababu za miaka ya 1820 zilipelekwa melini karibu zote. Za 1822 zilihesabiwa 17,796, na leo zinajulikana tatu tu. Mbili zimo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Ya tatu, iliyopitia mikononi mwa wakusanyaji mashuhuri Louis Eliasberg na D. Brent Pogue, iliuzwa mnadani mwezi Machi 2021 kwa dola milioni 8.4. Za 1815 zilikuwa 635 tangu mwanzo. Hata mwaka wa kawaida una mtego wake: ya 1810 yenye tarehe kubwa na 5 kubwa hupatikana kwa urahisi, ilhali ya mwaka huo huo yenye tarehe ndogo na 5 ndogo ni adimu mno. Muuzaji asiyezitofautisha anaweza kukukosesha au kukuletea bahati, na aliye makini atakwisha kuzitofautisha kabla yako.

Kwa maoni yangu, nusu-tai za baada ya 1814 si mahali pa mwanzo kwa mkusanyaji mpya. Nyingi ni ghali kwa sababu ya uchache unaoeleweka na wataalamu wachache, na siku ya kuuza utawategemea hao hao wachache.

*Soko na anayefaa.* Nusu-tai ya 1807 hadi 1812 ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuingia katika dhahabu ya kipindi hiki, na wanunuzi wake ni wengi kiasi kwamba bei za minada iliyopita zinatoa picha ya kuaminika. Inamfaa anayenunua kwa mara ya kwanza, na inamfaa pia anayetaka kuendelea, kwa sababu baada ya ya Reich anaweza kutafuta ya Scot, kisha ya tai mdogo, bila kubadili ukubwa wala elimu aliyokwisha kuipata.

Robo-tai ya dola 2.50, 1796–1834

*Asili.* Vipande 66 vya kwanza vilikabidhiwa tarehe 21 Septemba 1796. Wenye dhahabu waliopeleka mali yao kiwandani walichagua wapigiwe sarafu gani, na wengi, hasa mabenki, walitaka kubwa. Kwa malipo madogo watu walitumia fedha za Kihispania, zilizokuwa halali nchini humo hadi 1857. Robo-tai ilikosa kazi, hivyo ikapigwa kwa mikupuo midogo, na kati ya 1808 na 1821 haikupigwa kabisa.

*Uhalisi na uso.* Gramu 4.37 hazisamehi mizani mbovu, na milimita 20 hazisamehi jicho lililochoka. Vikonyo vya mapambo viliipendelea sarafu hii nyepesi, kwa hiyo ukingo wake ukaguliwe mara mbili, kwanza chini ya taa na kisha kwenye picha iliyokuzwa. Michubuko mizito ya mifukoni ni michache kuliko kwenye tai, lakini zilizosafishwa, kukunjwa kidogo na kunyooshwa ni nyingi. Ishike kwa ukingo, itazame kwa ubavu, na uone kama imelala sawasawa.

*Upigaji.* Udhaifu wa katikati ni wa kawaida, na ya 1808 inajulikana kwa nyota na kingo zisizojaa. Anayesubiri ya 1808 iliyopigwa kikamilifu atasubiri sana.

*Uchache.* Kuanzia 1796 hadi 1808 zilipigwa 22,197 kwa jumla, yaani nusu ya tai za mwaka 1801 peke yake. Za 1796 zisizo na nyota mbele zilikuwa 963, na za mwaka huo zenye nyota 432. Za 1797 zilikuwa 427. Ya kawaida kuliko zote ni ya 1807, 6,812. Za 1808, za muundo wa Reich, zilikuwa 2,710 na muundo huo haukurudiwa mwaka mwingine wowote, ndiyo maana kila anayekusanya sarafu moja ya kila muundo analazimika kuitafuta. Mwaka 1804 kuna aina mbili: yenye nyota 14 juu ya tai inapatikana, na yenye nyota 13 ni adimu mno.

*Soko na anayefaa.* Robo-tai ya 1807 huuzwa ghali kuliko nusu-tai ya kawaida yenye daraja lile lile, ingawa dhahabu yake ni nusu; za 1796 na 1808 ziko juu sana. Zinapotokea mnadani wanunuzi wachache hushindana vikali, na zisipotokea hakuna bei ya kulinganisha. Inamfaa mkusanyaji mwenye subira, aliyekwisha kujifunza kutazama uso, ambaye uchache wa kweli unamfurahisha kuliko ukubwa.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa hii ni sarafu yako ya kwanza ya kipindi hiki, na fedha uliyoitenga haitatosha kosa la pili, anza na nusu-tai ya Reich ya 1807 hadi 1812, iliyo ndani ya kasha, yenye daraja la 50 hadi 58 na rangi yake ya asili. Ukipata mbili kwa bei moja, ya daraja la juu iliyosafishwa na ya daraja la chini isiyoguswa, chukua isiyoguswa.

Ikiwa unataka moja tu maisha yako yote, ya kurithisha na ya kuonyesha wageni, na una uwezo, tafuta tai ya 1799 au 1801. Lipa zaidi kwa shavu na uwanja safi kuliko kwa nyota zilizojaa. Tai ya 1795 yenye tai mdogo ni nzuri mno, lakini bei yake inaingia ngazi nyingine, na usiifuate kwa kushusha uso hadi sarafu iliyokarabatiwa.

Ikiwa unajenga mkusanyiko wa miundo yote, robo-tai ya 1808 na ya 1796 isiyo na nyota zitakuwa vikwazo vyako vya mwisho. Panga fedha kwa ajili yake tangu mwanzo, kisha ununue nyingine. Hapa tu ndipo ningekubali sarafu yenye cheti cha dosari, mradi dosari iwe moja, ijulikane, na bei iionyeshe.

Ikiwa nia yako ni kuhifadhi thamani na huna hamu kubwa ya historia, tai na nusu-tai za miaka ya kawaida zinauzika kwa urahisi kuliko robo-tai. Piga hesabu ya ada za kununua na kuuza kwanza; kwa miaka michache ya mwanzo ada hizo pekee zinaweza kumeza ongezeko lolote la bei.

Ikiwa sarafu imekufikia kwa njia nyingine, ndani ya sanduku la mkufu wa bibi au mikononi mwa mtu anayesema iliachwa na babu yake aliyekuwa baharia, usiisafishe na usikate kikonyo chake. Ipime uzito, ipige picha pande zote mbili na ukingo, hesabu nyota na majani, soma tarakimu 4 kama ipo, kisha iandalie safari ya kwenda kwa wakaguzi pamoja na bima na tamko sahihi la forodha. Ikiwa unaishi Afrika Mashariki, uliza gharama za safari hiyo kwenda na kurudi kabla ya kukubaliana bei na muuzaji, na uzitoe kwenye bei utakayompa.